Kubadili menifoldi ya hewa: mpira wa PCV uende mdomo upi, na mpira wa kupumulia uende wapi?

Sampu_Kavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu. Nina injini ya petroli ya silinda nne, haina tabo, inatumia sensa ya MAF (inayopima hewa inayoingia kwenye injini). Nimevua menifoldi ya hewa ya plastiki iliyokuja nayo, nafunga ya alumini ya toleo la baadaye la injini hiyohiyo pamoja na throtobodi yake. Bolti zimekubali, gasketi mpya ipo, injekta zimekaa. Kilichonisimamisha ni mipira.

Kwenye injini inatoka mipira miwili. Wa kwanza umeshika valvu ya PCV (inayotoa gesi chafu ndani ya injini) iliyochomekwa juu ya tapeti kava, yaani mfuniko wa juu wa injini. Wa pili unatoka upande mwingine wa tapeti kava hiyohiyo na hauna valvu yoyote, ndio wa kupumulia. Zamani huu wa pili uliingia kwenye bomba la hewa linalotoka eya klina, ila bomba nililonalo sasa ni fupi na halina mdomo hata mmoja.

Menifoldi na throtobodi mpya, kwa pamoja, zina midomo sita. Mmoja mnene uko kwenye tumbo la menifoldi karibu na throtobodi, mwingine mnene uko mwisho wa tumbo. Kuna mwembamba juu ya njia ya silinda namba nne, na mwembamba mwingine juu ya throtobodi. Halafu iko miwili inayolingana chini ya throtobodi. Mpira wa PCV unaingia vizuri kwenye minne kati ya hiyo sita! Injini sijaiwasha. Naomba mwongozo kabla sijawasha.

Ringi_Nne

Mkuu, umesimama mahali pazuri. Achana kwanza na mpira upi unaenea mdomo upi, maana midomo ya unene mmoja inaweza kuwa na kazi zisizohusiana kabisa. Fuata safari ya hewa, mipira itajipanga yenyewe.

Pistoni inaposukumwa na moto, gesi kidogo hupenya kando ya ringi na kushuka kwenye krenki, yaani chumba cha chini cha injini. Ringi ziwe mpya au zimechoka, gesi hupenya tu, kinachotofautiana ni kiasi. Inashuka na petroli isiyoungua, tindikali na mvuke wa maji. Maji hayo si ya kudharau: lita moja ya petroli ikiungua hutoa takribani lita moja ya maji. Sehemu kubwa hutoka kwa ekzosi, lakini yanayoshuka chini yasipoondolewa huwa ute mweupe chini ya mfuniko wa oili, na baadaye tope jeusi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini). Gesi nayo ikikosa njia, presha hupanda na kutafuta pa kutokea: sili ya nyuma ya krenki, gasketi ya tapeti kava, hata kijiti cha oili kinaweza kuruka.

Injini za zamani zilikuwa na bomba la kumwaga gesi hii chini ya gari moja kwa moja. Magari mapya yaliyouzwa California mwaka 1961 ndiyo yalianza kufungwa mfumo wa kuirudisha kwenye injini ikaungue, kwa sababu ya ukungu wa moshi uliokuwa ukifunika Los Angeles, na kufikia 1963 watengenezaji wa Marekani walikuwa wakiufunga kwenye magari yao mapya nchi nzima. Kanuni haijabadilika tangu hapo: kuna mlango wa kuingilia hewa safi na mlango wa kutolea hewa chafu. Chumba kilichojaa moshi hakisafiki kwa dirisha moja.

Kwenye gari lako, mlango wa kutolea ni valvu ya PCV, nayo inataka mdomo ulio baada ya kisahani cha throto, mahali penye mvuto wa menifoldi. Mlango wa kuingilia ni ule mpira usio na valvu, nao unataka hewa iliyokwisha chujwa na eya klina, iliyokwisha pimwa na MAF, lakini kabla ya kisahani cha throto. Ukiyashika hayo mawili, umemaliza kazi kubwa.

Sasa usikisie midomo, ipulize. Funga throto kabisa, chukua kipande cha mpira safi, pulizia kila mdomo kwa zamu huku mkono wako uko kwenye njia za silinda. Hewa ikitokea kwenye njia za silinda, mdomo huo uko baada ya kisahani. Ikitokea kwenye kinywa cha throtobodi, uko kabla. Ikitokea kwenye mdomo mwenzake, umekutana na njia ya maji ya kupasha throtobodi joto, na hapo usichomeke kitu chochote cha hewa. Leta majibu.

Kanyaga_Polepole

Mbona mnazungusha? Huo mpira wa pili uvue, chomeka kifilta kidogo juu ya tapeti kava, basi. Bomba lako halihitaji mdomo. Magari ya mashindano yote yako hivyo.

Ringi_Nne

Ndugu yangu, kwenye gari lenye MAF hiyo inaleta shida siku ya kwanza. Hewa inayovutwa na PCV injini ikiwa haijakanyagwa huingia kupitia mpira huo wa pili. Ukiweka kifilta cha nje, hewa hiyo inaingia kwenye silinda bila sensa kuiona. Kompyuta inapima mafuta kwa hewa iliyoihesabu, mchanganyiko unakuwa na mafuta machache, skana inaonyesha marekebisho (mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza ili kufidia) yamepanda, na mwisho taa ya injini inawaka kwa P0171, kodi ya mafuta machache. Injini ya V yenye pande mbili huongeza na P0174, ya upande wa pili.

Gari linalotumia sensa ya MAP peke yake halilalamiki namna hiyo, kwa sababu linasoma shinikizo ndani ya menifoldi na hewa hiyo inakuwa imo kwenye hesabu. Hata hivyo bado utanusa mvuke wa oili ndani ya gari, na bado kifilta kitalowa na kuchuruza juu ya injini. Injini ya mashindano hufunguliwa baada ya muda mfupi na oili yake humwagwa mara kwa mara, tena nyingi huvuta krenki kwa pampu maalumu. Gari la kutembelea kila siku linahitaji mfumo uliofungwa.

Kanyaga_Polepole

Nimekuelewa, la MAF sikulifikiria. Na mtu akiziba kabisa huo mdomo wa pili wa tapeti kava?

Ringi_Nne

Hapo umefunga mlango wa kuingilia na kuacha wa kutolea. Injini ikiwa haijakanyagwa, menifoldi huwa na mvuto wa karibu 60 kPa. Krenki kwa kawaida hukaa kwenye mvuto wa sentimita chache tu za maji, yaani sehemu ndogo sana ya hiyo 60 kPa, kwa sababu tundu la PCV ni jembamba na mlango wa hewa safi ni mpana. Ukiziba mlango mpana, mvuto wa menifoldi unaanza kujengeka ndani ya krenki. Sili zimetengenezwa kuzuia oili isitoke. Zikivutwa kwa ndani, midomo yake inanyanyuka na kuingiza hewa yenye vumbi. Mara nyingi utasikia mluzi, na ukifungua mfuniko wa oili mluzi unakatika ghafla.

Kuunganisha mipira yote miwili kwenye menifoldi kunaleta matokeo hayohayo, na ni kosa linalotokea sana baada ya kubadili menifoldi kwa sababu midomo inakuwa mingi. Ukiunganisha yote miwili kwenye bomba la hewa, kabla ya throto, krenki inakosa mvuto kabisa: gari linatembea vizuri tu, na oili inaharibika polepole bila mwenyewe kujua. Kosa hili la mwisho mimi naliogopa zaidi kwa sababu halitoi dalili mapema.

Sampu_Kavu

Nimepuliza yote, majibu haya hapa. Mnene wa karibu na throtobodi unatokea tumboni, njia zote nne zinapata hewa. Mnene wa mwisho wa tumbo vilevile. Mwembamba wa namba nne unatokea kwenye njia ya namba nne, na nyingine zinapata kidogo mno. Mwembamba wa juu ya throtobodi unatokea kwa nje, kabla ya kisahani, ila kitundu chake kiko karibu sana na ukingo wa kisahani. Ile miwili ya chini inawasiliana yenyewe kwa yenyewe. Kumbe ni ya maji! Na mpira wa PCV ulikuwa unaingia humo bila shida.

Tapeti_Kava

Mkuu Ringi_Nne akiruhusu nimalizie hapa, maana hii ndiyo kazi yangu.

Mdomo mnene wa karibu na throtobodi ndio wa PCV. Uko mwanzo wa tumbo, hewa ya throto inaukuta mvuke wa oili mapema na kuugawa kwa silinda zote. Mnene wa mwisho wa tumbo mpe busta ya breki, kwa mpira wake wenye valvu ya njia moja. Usiwaunganishe hao wawili kwa kiungo cha T. Busta inataka mvuto wake yenyewe, na mvuke wa oili ukifika kwenye diaframu ya busta unaila.

Mwembamba wa namba nne usiuguse kwa PCV hata kama unaenea. Silinda ya nne peke yake itapokea hewa ya ziada na oili yote. Plagi yake itachafuka, na ukisoma plagi utadhani ringi za namba nne zimekufa. Huo unafaa kwa vitu visivyopitisha hewa nyingi, mfano kipimo cha vakyumu au regyuleta ya mafuta, au uzibe.

Mwembamba wa juu ya throtobodi ndio unaodanganya watu wengi. Kisahani kikiwa kimefungwa, mdomo huo uko upande wa nje na hauna mvuto. Ukikanyaga kidogo, ukingo wa kisahani unaupita na mvuto unatokea. Uliwekwa kwa ajili ya vitu kama kopo la mkaa la mvuke wa petroli au kifaa cha distributa kinachowahisha cheche kwa mvuto, kwenye injini za zamani. Ukipeleka PCV pale, krenki haitavutwa kabisa kwenye foleni, wakati ambapo mvuto wa menifoldi ni mkubwa na ulitakiwa utumike. Usiutumie kwa mpira wa pili pia, ni mwembamba mno. Siku injini inakanyagwa mpaka mwisho, gesi nyingi hurudi kwa njia hiyo, na mlango mwembamba utaikaba.

Kwa hiyo mpira wa pili unakudai mdomo mpya kwenye bomba lako fupi, baada ya MAF na kabla ya throto, wenye kipenyo cha ndani kisichopungua cha ule wa tapeti kava. Bomba la alumini, peleka likachomelewe. La plastiki, tumia kiungo cha nati na washa za mpira. Elekeza mdomo juu au ubavuni ili oili isijikusanye kwenye kiungo, na uwe mbali na MAF kadiri nafasi inavyoruhusu. Mvuke wa oili ukirudi hadi kwenye sensa, waya wake unapakwa utando na unaanza kusoma uongo.

Bonde_la_V

Nisaidieni na mimi humuhumu. Nina V8 ya familia ya LS ya General Motors, nimetoa menifoldi ya LS1 ya mwanzo naweka ya LS6. Kwenye LS1 PCV ilikuwa inavuta kutoka kwenye tapeti kava. Kwenye LS6 naona uvutaji umehamia kwenye mfuniko wa bonde katikati ya bloku. Naweza kubaki na mfuniko wangu wa zamani?

Tapeti_Kava

Hamisha vyote kwa pamoja mkuu kama nafasi ipo. Mfuniko wa bonde wa LS6 una vizuizi vya oili kwa ndani, na uvutaji ulihamishiwa pale kwa sababu tapeti kava za LS1 zilikuwa zinapitisha oili nyingi kwenye mwendo mkali na kona. Ukifunga mfuniko huo, vuta kutoka bondeni kwenda kwenye menifoldi, ingiza hewa safi kwenye tapeti kava kutoka throtobodi, kisha ziba midomo ya zamani iliyobaki. Ukiacha uvutaji wa zamani na kuongeza wa bondeni, una matundu mawili ya kutolea, na hewa inayoingia menifoldi bila kupita throto inakuwa nyingi kuliko kompyuta inavyoweza kufidia.

Injini ya V ya mpango wa kawaida, vuta upande mmoja na ingiza upande mwingine, ili hewa ivuke krenki nzima. Ukivuta na kuingiza kwenye tapeti kava ileile ya V, hewa inakata njia ya mkato juujuu na sampu haisafishwi.

Sampu_Kavu

Hapo hapo nina wasiwasi. Yangu ina tapeti kava moja na midomo yote miwili iko juu yake. Si ndiyo hiyo njia ya mkato?

Tapeti_Kava

Swali zuri. Ya mstari mmoja imepangwa hivyo kiwandani: midomo iko ncha mbili tofauti, na ndani kuna bati linalotenganisha vyumba. Gesi ya krenki hupanda kwa njia za oili za bloku na silinda hedi na kukutana na hewa safi juu. Geuza tapeti kava uangalie bati hilo kabla hujafunga. Likiwa limelegea au mtu alilitoa wakati wa kusafisha, PCV itanyonya oili inayorushwa na kemu, na utaona moshi wa bluu ukiachia mguu wa mafuta kwenye mteremko. Hakuna mpangilio wa mipira utakaotibu hilo.

Wenye Honda za K mnisikie pia: valvu yenu imefungwa kwenye chumba cha kupumulia ubavuni mwa bloku, chini ya menifoldi. Mpira na valvu badilisheni menifoldi ikiwa nje. Ikishafungwa, mkono unafika kwa taabu.

Ringi_Nne

Niongeze kuhusu valvu na mpira wenyewe.

Valvu ya PCV ina upande. Upande wa injini uende injini, upande wa menifoldi uende menifoldi. Ukiigeuza, mvuto unaifunga. Ikiwa sawa, menifoldi ikivuta sana sindano ya ndani inabana njia, mvuto ukipungua kwenye mwendo inafunguka zaidi, na moto ukirudi nyuma kupitia menifoldi inafunga ili usishuke kwenye mvuke wa krenki. Hiyo kazi ya mwisho ndiyo sababu sikubaliani na watu wanaoitoa na kuacha mpira mtupu. Tumia valvu ya injini yako, si ya gari lolote lenye umbo linalofanana. Springi na tundu hupimwa kwa injini husika.

Mpira usiwe wa rejeta. Ule umetengenezwa kwa maji ya moto, oili inauvimbisha na kuulainisha, kisha mvuto unaubana ukiwa umepata joto. Ukizima injini na kuukagua unauona mzima. Silikoni ya kawaida nayo hutoa jasho la oili. Chukua mpira ulioandikwa kuwa unafaa kwa oili na mafuta, wenye kuta imara, na kwenye kona kali tumia kiungo cha kona badala ya kuukunja. Usiache mpira ushuke chini halafu upande tena, maana bonde hilo litajaa maji na oili, na penye baridi kali maji hayo huganda na kuziba njia kabisa.

Tabo_Moja

Na sisi wa tabo je? Mipira ni ileile?

Ringi_Nne

Kanuni ileile, ila menifoldi yako ina mvuto saa moja na presha saa nyingine. Weka valvu ya njia moja imara kati ya PCV na menifoldi, ile ya PCV peke yake mara nyingi huvuja presha ikipanda. Mpira wa pili uende kwenye bomba la kabla ya tabo, baada ya MAF, ambapo tabo inavuta muda wote. Ukiuweka kati ya tabo na throto, unapuliza presha moja kwa moja kwenye krenki.

Kopo la kunasa oili, kwa atakayeuliza, linakaa kati ya valvu na menifoldi. Liwe na vizuizi ndani, kopo tupu halinasi kitu cha maana, na limwagwe kabla halijajaa.

Sampu_Kavu

Wakuu, imewaka. Mdomo wa bomba umechomelewa, PCV iko kwenye mnene wa mbele, busta ya breki kwenye mnene wa nyuma, maji yamerudi kwenye njia yake, namba nne nimeziba, na ule wa juu nimeupa kopo la mkaa. Bati la ndani ya tapeti kava lilikuwa zima. Inaunguruma kwa utulivu. Nithibitisheje kwamba krenki inavutwa kweli?

Tapeti_Kava

Hongera mkuu. Ya haraka: injini ikiwa ya moto na haijakanyagwa, chomoa mpira wa pili kwenye bomba la hewa, ziba mdomo wa bomba, weka karatasi ngumu kwenye ncha ya mpira. Ndani ya dakika moja hivi karatasi inatakiwa ivutwe na kushika. Ikipeperushwa, presha ipo.

Ya uhakika: mpira mwembamba wa kuonekana ndani, ukunje umbo la U, tia maji nusu, unganisha ncha moja na bomba la kijiti cha oili, ncha ya pili iache wazi. Mikono ya U iwe mirefu, walau nusu mita, na uwe tayari kuchomoa maji yakianza kukimbilia injini. Kuna injini ambazo bomba la kijiti huzama kwenye oili. Kwa hizo tumia mfuniko wa oili uliotobolewa, la sivyo utasoma uongo. Rudisha mipira yote kama kawaida ndipo upime.

Skana nayo ikusaidie. Jumlisha marekebisho ya muda mfupi na ya muda mrefu injini ikiwa haijakanyagwa, kisha shikilia mizunguko 2500 kwa dakika uyajumlishe tena. Yakiwa juu injini ikiwa haijakanyagwa na kushuka ukikanyaga, kuna hewa inaingia bila kupimwa.

Sampu_Kavu

Karatasi imeshika. Maji yamepanda upande wa injini, tofauti ya sentimita 4 bila kukanyaga. Nikishika 2500 inapungua kidogo lakini bado ni mvuto. Jumla ya marekebisho ni asilimia 3 bila kukanyaga, na 2 kwenye 2500. Swali moja limebaki: baada ya mwendo mkali wa barabara kuu nimeona unyevu mwepesi wa oili ndani ya mdomo mpya wa bomba. Ni kawaida?

Tapeti_Kava

Vipimo ni vizuri. Unyevu mwepesi pale ni kawaida: ukikanyaga mpaka mwisho, mvuto wa menifoldi unakaribia sifuri na gesi ya ziada hurudi kwa mpira wa pili. Ukianza kukuta oili imetuama kwenye bomba au imefika kwenye karatasi ya eya klina, pima kompresheni na uvujaji wa silinda, hapo gesi inayopita kwenye ringi itakuwa imezidi uwezo wa mfumo.